Ubia na kampuni ya Vietnam katika kubangua korosho: ni faida gani itakayobaki kwetu?

Mbanguaji wa Masasi

Ndugu wanajukwaa, salaam. Naomba mawazo ya wale waliofanya kazi ndani ya kampuni za ubia kati ya Waafrika na Waasia, au wanaozifahamu kwa karibu, kwa sababu jambo lililo mbele ya familia yetu linazidi uzoefu tulio nao.

Tuna kiwanda kidogo cha kubangua korosho nje kidogo ya mji wa Masasi. Tunanunua korosho ghafi, tunazichemsha kwa mvuke, tunazibangua kwa mashine zinazoendeshwa kwa mkono na mguu, tunazikausha, akina mama wanamenya ngozi ya ndani kwa visu vidogo, kisha tunapanga madaraja na kuuza Dar es Salaam na Nairobi. Kinachotukwamisha zaidi ni mtaji wa msimu. Minada huanza Oktoba na kumalizika baada ya miezi michache, kwa hiyo anayetaka kubangua mwaka mzima hulazimika kununua mzigo wa mwaka mzima katika kipindi hicho kifupi, na riba ya benki kwa mkopo wa namna hiyo hula faida kabla korosho hazijatoka ghalani. Ifikapo Aprili au Mei kiwanda husimama na wafanyakazi hurudi shambani.

Sasa kampuni moja ya Vietnam, ambayo imekuwa ikinunua korosho ghafi za kusini kwa misimu kadhaa, imetupendekezea tuanzishe kampuni ya pamoja. Wao wataleta mashine za kubangua na kumenya zinazojiendesha, na mashine hizo zitahesabiwa kuwa asilimia 60 ya mtaji. Sisi tutatoa kiwanja, majengo, leseni na wafanyakazi, na tutapewa asilimia 40. Vilevile wanataka mkataba wa wao kununua korosho zote zitakazobanguliwa.

Wazee wa familia wamegawanyika. Baba mdogo anasema fursa kama hii haiji mara mbili. Shangazi, ambaye aliona viwanda 12 vya korosho vilivyojengwa na Serikali katika miaka ya 1970 na 1980 vikifungwa kimoja baada ya kingine na vingine kugeuzwa maghala, anasema mashine za kigeni si jambo geni kwetu na hazikutusaidia. Mimi naelewa kwamba ubia una faida, ndivyo tunavyoambiwa kila siku kwenye makongamano, lakini nataka kujua faida zenyewe ni zipi na hutokea kwa utaratibu gani. Je, kampuni ya Kiafrika inayoungana na ya Kiasia hubaki na nini baada ya miaka mitano au kumi?

Mfumaji wa Arusha

Ndugu Mbanguaji, nimefanya kazi katika sekta ya nguo kaskazini kwa muda mrefu, na mfano ninaoufahamu vizuri ni wa vyandarua vya Arusha. Nitaueleza kwa urefu kidogo, kwa kuwa mpangilio wa hatua zake unajibu sehemu ya swali lako.

A to Z Textile Mills ilianza mwaka 1966 kama kiwanda cha nguo cha kawaida. Upande wa pili walikuwapo Sumitomo Chemical wa Japani, ambao walikuwa wamebuni uzi wa plastiki uliochanganywa na dawa ya permethrin tangu unapotengenezwa, hivi kwamba dawa hujitokeza polepole kwenye uso wa uzi kwa miaka kadhaa. Chandarua hicho, Olyset, kilipata kibali cha Shirika la Afya Duniani mwaka 2001. Wengi wetu tunakumbuka vyandarua vya zamani vilivyohitaji kuchovywa dawa upya kila baada ya miezi michache, na jinsi watu walivyosahau au walivyokosa hela ya dawa. Teknolojia ya Wajapani iliondoa kikwazo hicho, lakini kutengeneza kila kitu Asia na kukisafirisha hadi vijijini mwetu kungeongeza gharama na kuchelewesha mzigo.

Mwaka 2003 Sumitomo waliipa A to Z haki ya kutumia teknolojia hiyo bila malipo. Acumen, mfuko wa uwekezaji wa kijamii wa Marekani, ulitoa mkopo wa kununulia mashine. Wakati huohuo UNICEF na mashirika mengine yalikuwa yakitafuta vyandarua kwa wingi, na mwaka 2004 Tanzania ilianza mpango wa Hati Punguzo, yaani vocha za kununulia vyandarua kwa bei nafuu, kwa akina mama wajawazito. Kwa hiyo kiwanda kilipowasha mashine, wanunuzi walikuwapo tayari. Baada ya pande zote mbili kufahamiana kikazi ndipo walipounda kampuni ya ubia, Vector Health International, kila upande ukiwa na nusu ya hisa, na kiwanda chake kikaanza uzalishaji mwaka 2007. Katika kilele chake uzalishaji wa Arusha ulifikia mamilioni ya vyandarua kwa mwaka na ajira takriban 7,000, nyingi zikiwa za wanawake.

Naomba uangalie mambo mawili hapo. La kwanza, hisa hazikuwa hatua ya mwanzo. Leseni ya teknolojia ilitangulia, kazi ikafanyika, ubora ukapimwa, kisha wakagawana umiliki. Ninyi mnaombwa kuanza na hatua ya mwisho. La pili, kilichohamia Arusha hakikuwa mashine peke yake, kwa sababu mashine za kufuma vyandarua mtu yeyote mwenye fedha angeweza kununua. Kilichohamia ni namna ya kuchanganya dawa na plastiki kwa kipimo sahihi, namna ya kupima ubora katika maabara, na jina ambalo wanunuzi wakubwa wa dunia walikuwa wanaliamini. Vitu hivyo vitatu havipatikani dukani, na ndivyo ambavyo kampuni ya Kiafrika ingehangaika kwa miaka mingi kuvijenga peke yake.

Upo pia upande wa udhaifu, nao ni haki kuusema. Soko la vyandarua linategemea wafadhili wachache wanaonunua kwa zabuni za kimataifa, na zabuni hizo huvutwa kuelekea bei ya chini kabisa, popote bidhaa inapotengenezwa. Mnunuzi mmoja au wawili wakipunguza oda, maelfu ya watu huathirika. Mkataba wenu wa kumuuzia mbia mmoja kila kitu unanipa wasiwasi kwa sababu hiyo hiyo.

Mzee wa Ubungo

Wanangu, mfano wa Arusha ni mzuri, lakini tusisahau ule wa Urafiki, kiwanda cha nguo cha hapa Dar es Salaam. Kiwanda kile kilifunguliwa mwaka 1968 kwa msaada wa China, na vijana wa siku zile tuliona fahari kubwa kuvaa kanga na vitenge vilivyofumwa na kupigwa chapa Ubungo. Biashara ilipofunguliwa na nguo za nje pamoja na mitumba zikajaa sokoni, kiwanda kilidhoofika. Katika miaka ya 1990 likaja suluhisho la ubia: upande wa China ukachukua asilimia 51 na Serikali yetu ikabaki na asilimia 49. Hata hivyo kiwanda hakikurudi katika hadhi yake ya awali.

Jambo ninalotaka mlione ni kwamba kugawana hisa hakukuleta soko jipya. Kitambaa kilikuwa kilekile, washindani walewale, na baadhi ya washindani hao walitoka Asia kwenyewe. Mlinganishe na Kampuni ya Meli ya China na Tanzania, iliyoanzishwa mwaka 1967 kwa mgawanyo wa nusu kwa nusu, ambayo imeendelea kusafirisha mizigo kwa zaidi ya nusu karne. Pale kila upande ulihitaji meli zile kwa shughuli zake mwenyewe. Kwa hiyo shangazi yako ana hoja nzito, mwanangu, lakini hoja yake haihusu ugeni wa mashine. Muulizeni huyo Mvietnamu anahitaji nini kwenu ambacho hawezi kukipata kwingine, na msitie saini kabla jibu halijaeleweka.

Mkorosho Mkongwe

Shikamoo, Mzee wa Ubungo. Swali lako lina jibu, na nadhani Mbanguaji analo mkononi bila kujua uzito wake.

Vietnam ndiyo inayoongoza duniani kwa kuuza nje korosho zilizobanguliwa, lakini mashamba yake hayatoshelezi viwanda vyake hata kidogo. Sehemu kubwa ya korosho ghafi inatoka Kambodia na Afrika, hasa Côte d'Ivoire, ambayo sasa ndiyo mzalishaji mkubwa kuliko wote. Nchi za Afrika Magharibi huvuna kuanzia mwezi Februari hadi katikati ya mwaka. Sisi wa kusini mwa Tanzania, pamoja na majirani zetu wa Msumbiji, huvuna kuanzia mwishoni mwa mwaka, wakati maghala ya Asia yameanza kupungua. Korosho yetu ina sifa nzuri ya ukubwa na ya uzito wa kokwa, na inafika wakati wengine hawana. Hiyo ndiyo sababu ya wao kupiga hodi Masasi, na hiyo ndiyo nguvu yenu mezani.

Ipo sababu nyingine. Serikali nyingi za Afrika zimeacha kufurahia usafirishaji wa korosho ghafi. Hapa kwetu mwenye kusafirisha ghafi hutozwa ushuru wa asilimia 15 ya thamani ya mzigo bandarini au dola 160 kwa tani, kiasi chochote kilicho kikubwa. Korosho iliyobanguliwa haibebi mzigo huo. Aidha, inahitaji kilo nne hadi tano za korosho ghafi kupata takriban kilo moja ya kokwa, maana yake ni kwamba anayesafirisha ghafi hadi Vietnam analipia nauli ya maganda. Kokwa iliyotoka Tanzania huingia Umoja wa Ulaya bila kulipa ushuru wa forodha. Ukiviunganisha hivi vyote, utaona kwamba Mvietnamu mwenye akili timamu lazima awe anafikiria kuhamishia sehemu ya kazi yake huku. Wenzao walikwisha kuipita njia hiyo: Olam, yenye makao makuu Singapore, ilianza mwaka 1989 nchini Nigeria kwa kusafirisha korosho ghafi kwenda India, na baadaye ikajenga viwanda vya kubangua Côte d'Ivoire kwenyewe.

Kuhusu wanachoweza kuwaletea, msikitazame kwa jicho la mashine tu. Wavietnamu ni hodari kweli kweli katika ubanguaji; mafundi wao wamezitengeneza mashine zao wenyewe na kuziboresha mwaka hadi mwaka hadi kazi iliyokuwa ya mamia ya mikono ikafanywa na watu wachache. Lakini mashine ya kubangua hukata kulingana na ukubwa wa korosho, kwa hiyo isipoandaliwa kwa ukubwa wa korosho ya Masasi na kiwango chake cha unyevu, itavunja kokwa. Kokwa nzima na iliyovunjika hazilingani bei hata kidogo. Daraja linaloitwa W320, yaani kokwa nzima nyeupe zisizozidi 320 katika ratili moja, ndilo linalotumiwa sana sokoni kama kipimo cha bei, na kila asilimia ya kokwa zinazovunjika ni hela inayomwagika. Kwa hiyo faida ya kwanza mnayopaswa kuidai ni ujuzi wa kupanga ukubwa, wa kupima unyevu, wa kuchemsha kwa muda sahihi na wa kurekebisha visu vya mashine, na ujuzi huo ukae kwa vijana wa Masasi kwa majina, si kwa mafundi wanaokuja kwa viza ya miezi mitatu.

Faida ya pili, ambayo sijaona ukiitaja, ni mtaji wa msimu. Umesema mwenyewe kwamba kiwanda kinasimama mwezi wa Aprili kwa kukosa mzigo. Mashine inayobangua haraka zaidi itakifanya kisimame Januari. Mbia mwenye uwezo wa kukopa nje kwa riba nafuu anaweza kugharimia ununuzi wa korosho za mwaka mzima wakati wa mnada, na kwa maoni yangu mchango huo una thamani kuliko kontena zote za mashine. Ningekuwa ninyi, ningeanzia hapo.

Ya tatu ni maganda. Mafuta ya ganda la korosho, haya yanayochoma mikono ya akina mama, yanatumika viwandani katika vitambaa vya breki, rangi na gundi za plastiki. Wenzetu wa Asia huyakamua na kuyauza, huku wabanguaji wetu wengi wadogo wakiyachoma maganda au kuyatupa. Waulizeni kuhusu mashine ya kukamua, na iandikwe kwenye mkataba mapato ya mafuta hayo yatakuwa ya nani.

Mbanguaji wa Masasi

Nashukuru sana. Shikamoo, Mzee wa Ubungo. Nimemsomea shangazi maneno yako, naye anakusalimu.

Suala la mtaji wa msimu halikuwa katika barua yao kabisa, nasi hatukufikiria kulidai. Naomba mwenye ufahamu wa sheria anisaidie kuhusu mambo mawili: kiwanja kuwa sehemu ya mtaji, na kifungu cha kuwauzia korosho zote. Je, tukiwa na asilimia 40 tuna sauti yoyote?

Wakili wa Kivukoni

Ndugu Mbanguaji, nitajibu kwa ujumla, nawe utahitaji wakili wako atakayesoma nyaraka zenyewe.

Nianze na kiwanja, kwa sababu hapo ndipo familia nyingi hujikwaa. Chini ya Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999, kampuni ambayo wanahisa wake wengi si raia wa Tanzania huhesabiwa kuwa si raia, na asiye raia hawezi kupewa ardhi isipokuwa kwa madhumuni ya uwekezaji, kwa utaratibu unaopitia mamlaka ya uwekezaji. Mkiingiza kiwanja chenu kama mtaji katika kampuni ambayo Wavietnamu wana asilimia 60, mnakitoa katika milki ya familia na kukiweka katika milki ya chombo ambacho sheria inakitambua kuwa cha kigeni. Kampuni ikifilisika, kiwanja kitakuwa miongoni mwa mali za kulipia madeni. Ushauri wangu ni kwamba hati ibaki kwa familia, na kampuni ipewe haki ya matumizi kwa muda maalumu, kwa malipo yanayojulikana, kwa utaratibu wa uwekezaji ambao sheria inauruhusu. Malipo hayo yatawapa kipato hata katika mwaka ambao kampuni haikutangaza gawio.

Kuhusu asilimia 40: Sheria ya Makampuni ya mwaka 2002 inataka robo tatu ya kura ili kupitisha azimio maalumu, kwa mfano la kubadilisha katiba ya kampuni. Kwa hiyo mwenye asilimia 40 anaweza kulizuia azimio la namna hiyo. Lakini mambo yanayoamua maisha ya kila siku, yaani nani awe mkurugenzi, nani ashike fedha, mishahara iwe kiasi gani na vipuri vinunuliwe wapi, hupita kwa wingi wa kawaida wa kura, na huko asilimia 40 haiwasaidii. Ulinzi wenu utatoka kwenye mkataba wa wanahisa. Uorodheshe mambo ambayo hayatafanyika bila ridhaa yenu: kukopa zaidi ya kiasi fulani, kuuza mali kubwa, kuongeza hisa mpya, kuajiri meneja mkuu, na kufanya biashara yoyote na kampuni nyingine zinazomilikiwa na mbia wenu. Hilo la mwisho lina uzito kuliko yote, nami nitaeleza kwa nini.

Mbia wenu anataka kuwa mwanahisa mkubwa, muuzaji wa mashine na vipuri, na mnunuzi pekee wa bidhaa. Mtu aliyeshika nafasi hizo tatu anaweza kuamua faida itokee wapi. Akiuzia kampuni vipuri kwa bei ya juu na kununua kokwa kwa bei ya chini, kampuni ya Masasi itaonyesha hasara kila mwaka na kampuni ya Vietnam itaonyesha faida, bila mtu yeyote kuiba hata shilingi moja. Sheria zetu za kodi zinataka kampuni zenye uhusiano zifanye biashara kwa bei ambayo wasiohusiana wangekubaliana, na Mamlaka ya Mapato (TRA) inaweza kurekebisha hesabu zisizofuata kanuni hiyo. Hata hivyo marekebisho ya TRA hulinda kodi ya Serikali, hayawarudishii ninyi gawio lenu. Ndiyo maana bei lazima iandikwe kwenye mkataba: ifungwe kwenye bei ya soko ya W320 ya wiki ya kusafirisha, kwa chanzo cha bei ambacho pande zote zinakikubali, na madaraja mengine yapandishwe au yapunguzwe kutoka hapo. Pili, mbaki na haki ya kumuuzia mnunuzi mwingine sehemu fulani ya mzigo, hata ikiwa ni robo. Robo hiyo itawapa wateja wenu wenyewe, itawaonyesha bei ya kweli, na itakuwa kinga siku ubia utakapovunjika. Tatu, vyeti vya usalama wa chakula na alama ya biashara visajiliwe kwa jina la kampuni ya hapa, si kwa jina la mbia.

Thamani ya mashine isikubaliwe kwa kuangalia ankara yao. Atafutwe mthamini huru, na ieleweke kama ni mpya au zimekwisha kutumika. Iwapo mashine zinazohesabiwa kuwa asilimia 60 zina thamani ya nusu ya iliyoandikwa, basi mgawanyo mzima wa hisa umejengwa juu ya namba isiyo ya kweli.

Mwisho, migogoro. Msikubali kesi isikilizwe katika mahakama za Vietnam, nao hawatakubali za hapa. Tanzania na Vietnam zote ni wanachama wa Mkataba wa New York wa mwaka 1958 kuhusu utekelezaji wa tuzo za usuluhishi, kwa hiyo tuzo itakayotolewa katika nchi nyingine mwanachama, kwa mfano Singapore, inaweza kutekelezwa huku na kule. Ni ghali, kwa hiyo wekeni hatua ya mazungumzo na upatanishi kwanza.

Mfamasia wa Kampala

Habari zenu kutoka Uganda. Ninyi mnazungumza namna ya kuingia. Mimi nataka kuongeza jambo kuhusu namna ya kuachana, kwa kuwa hapa tuna mfano uliokamilika.

Quality Chemicals ilikuwa kampuni ya Waganda iliyokuwa ikiagiza na kusambaza dawa za Cipla ya India. Mwaka 2005 iliundwa kampuni ya kutengeneza dawa hapahapa, na kiwanda kikafunguliwa Luzira, Kampala, mwaka 2007, kwa ajili ya dawa za kupunguza makali ya Ukimwi na dawa mseto za malaria. Serikali ya Uganda iliahidi kununua dawa hizo. Sheria za biashara za kimataifa nazo zilisaidia, kwa kuwa nchi zenye maendeleo duni zilikuwa zimeruhusiwa kutotekeleza hataza za dawa, yaani haki za kipekee za waliozibuni, na ruhusa hiyo baadaye ikaongezwa hadi mwaka 2033. Wahindi walikuwa na fomula na uzoefu wa viwanda. Uganda ilikuwa na ruhusa hiyo, soko na mahitaji makubwa ya wagonjwa. Kiwanda kikapata ithibati ya Shirika la Afya Duniani, jambo lililokifungulia milango ya kuuza nje ya Uganda.

Mwaka 2013 Cipla iliongeza hisa hadi asilimia 51.05. Mwaka 2018 hisa za kampuni zikaorodheshwa katika Soko la Hisa la Uganda, na wananchi wa kawaida wakaweza kununua. Kisha mwaka 2023 Cipla ikauza hisa zake zote, asilimia 51.18, kwa Africa Capitalworks, mfuko unaowekeza Afrika, na jina la Cipla likaondolewa. Kiwanda hakikufungwa. Wafamasia na wahandisi waliofunzwa kwa miaka hiyo yote wapo, ithibati ni za kiwanda cha Luzira, na dawa zinaendelea kutoka.

Ndugu yangu wa Masasi, uliuliza kinachobaki baada ya miaka kumi. Kwetu vilibaki watu wenye ujuzi wa kiwango cha kimataifa, kiwanda chenye vibali vyake, na kampuni yenye hesabu zilizo wazi kiasi cha kuuzika. Kwa hiyo katika mkataba wenu andikeni mapema: mbia akitaka kuondoka, ninyi muwe wa kwanza kupewa nafasi ya kununua hisa zake, bei ikokotolewe vipi, na mashine, michoro yake na programu zinazoziendesha zibaki kiwandani. Hilo la programu lisidharauliwe. Mashine za siku hizi zinaweza kufungwa kwa neno la siri kutoka mbali, na kiwanda kikabaki na vyuma tu.

Fundi wa Thika

Nami niongeze machache kutoka Kenya. Isuzu wa Japani walinunua hisa zilizokuwa za General Motors, asilimia 57.7, katika kiwanda cha kuunganisha magari cha Nairobi mwaka 2017, huku wanahisa wa Kenya wakibaki ndani. Watu hutazama kiwanda kile chenyewe, lakini faida tuliyoipata sisi mafundi wa kuunda bodi iko nje ya geti lake. Lori na basi nyingi hutoka pale zikiwa chasi na injini, na bodi za matatu na mabasi hujengwa na karakana za Wakenya, kubwa na ndogo. Kazi hiyo imelisha wachomeleaji, washonaji wa viti na wapaka rangi kwa miaka mingi. Basi mkijadiliana na Wavietnamu, ulizeni pia kazi gani zitafanywa na wengine wa Masasi: ufungashaji, maboksi, vipuri rahisi vya kuchonga, usafirishaji hadi bandari ya Mtwara. Na akina mama wanaomenya kwa visu watafanya nini mashine ya kumenya ikifika? Hilo sijaona mtu akiligusa.

Mbanguaji wa Masasi

Fundi, umegusa jambo linaloninyima usingizi. Akina mama hao wamekuwa nasi tangu mwanzo na wengine wamesomesha watoto kwa kazi hiyo. Mashine ya kumenya haimalizi kazi yote, kwa maana kokwa zenye mabaki ya ngozi hurudiwa kwa mkono, na kupanga madaraja kunahitaji macho. Tumekubaliana nyumbani kwamba tutadai wafunzwe kupanga madaraja, kupima unyevu na kufungasha kabla mashine haijawashwa, na kwamba kiwanda kifanye kazi miezi 12. Kazi ya mwaka mzima kwa watu walewale ndiyo itakayotufanya tukubali mashine.

Majibu yetu kwa Wavietnamu tunayaandika hivi: tuanze na mkataba wa misimu miwili wa kubangua kwa malipo, wao wakigharimia korosho na kutukodishia mashine, sisi tukifanya kazi na kujifunza, hisa zijadiliwe baadaye, kiwanja kikiwa nje ya mtaji. Robo ya mzigo tutaiuza wenyewe. Wakili, nina swali moja lililosalia: mashine zikiwa za kukodi, suala la mthamini bado lipo?

Wakili wa Kivukoni

Lipo, ndugu yangu, tena lifanyike siku mashine zitakapofika, si siku ya kujadili hisa. Baada ya misimu miwili ya matumizi mtabishana kama uchakavu ni wenu au zilikuja zikiwa zimechakaa. Mthamini aandike hali ya kila mashine na namba zake, picha zipigwe, pande zote mbili zitie saini, na nakala moja ikae kwako. Vilevile hakikisha mkataba wa kukodi unasema wazi bei ambayo kwayo mnaweza kuzinunua mwisho wa msimu wa pili, iwapo mazungumzo ya hisa hayatafika popote.